Boti ilibaki, karani akaondolewa: kisa cha mwalo mmoja Bwawa la Mtera

Kisa kinahusu nini

Hiki ni kisa cha mwalo mmoja, yaani sehemu ya ukingoni wavuvi wanapopakulia samaki, upande wa Dodoma wa Bwawa la Mtera, mwaka ambao hela za kituo cha uvuvi zilikatwa na watumishi wakapanguliwa kwa wakati mmoja. Jina la kijiji, halmashauri, mwaka na watu wote nimeyatoa, na baadhi ya vyeo nimevibadilisha ili mtu asitambulike. Nimekiandika kwa ajili ya maafisa uvuvi, watu wa mipango, madiwani na viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo yao), maana kila ukifika msimu wa bajeti swali ni lile lile, tukate nini, na mara nyingi jibu linatoka kabla hata mtu hajauliza hicho kinachokatwa kilikuwa kinafanya kazi gani kule majini.

Bwawa na wenye bwawa

Kwa ambaye hajafika, Mtera iko kwenye mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Lilijengwa nusu ya pili ya miaka ya 1970 kwa kazi moja tu, kutunza maji ya kuendesha mitambo ya Kidatu huko chini yenye megawati 204, halafu mwaka 1988 Mtera nayo ikapata mitambo yake ya megawati 80. Samaki walikuja baadaye kama kitu cha ziada, lakini leo perege na kambale wa Mtera wanalisha Dodoma na Iringa na vijiji vingi vya katikati hapo, na kwa Mgogo aliyezoea mtama na mifugo bwawa limemfungulia kazi ambayo babu yake hakuwa nayo.

Kitu muhimu kwenye kisa hiki ni kwamba maji ya Mtera hayatulii sehemu moja. Bwawa likijaa kina kinafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na mitambo inaruhusiwa kushusha maji mpaka 690. Hiyo tofauti ya mita nane na nusu ukiisikia unaona ndogo ila nchi yenyewe ni tambarare, kwa hiyo maji yakishuka ukingo unarudi nyuma mbali sana, na pale mlipokuwa mnapakua samaki mwezi wa tano, mwezi wa kumi na moja ni tope lililokauka na ng'ombe wanachunga. Ongeza na kwamba Ruaha Mkuu yenyewe tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 imekuwa inakata maji kiangazi kwa sababu ya yanayochukuliwa kule Usangu, sehemu ya juu ya mto. Mwalo unahama. Jengo la kituo halihami.

Na wenye dhamana ni wengi. Bwawa na mitambo ni TANESCO, maji yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, usalama wa vyombo vya majini ni TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli), leseni za uvuvi na ushuru wa samaki ni halmashauri. Ukiuliza nani anatakiwa kujua kwamba mtumbwi fulani umetoka na watu wangapi saa ngapi, kila mmoja ana sehemu yake ya jibu, lakini anayesimama ukingoni asubuhi ni mtu wa halmashauri au BMU, hakuna mwingine.

Kituo kilivyokuwa

Palikuwa na watu wanne. Afisa uvuvi, ambaye pale wanamwita bwana samaki, mwenye diploma na miaka mingi kwenye mwalo huo huo. Nahodha wa boti ya doria, boti ya faiba yenye injini ya kupachika. Mlinzi. Halafu karani wa mwalo, binti wa hapo hapo kijijini aliyemaliza form four, hayupo kwenye ikama (orodha ya watumishi walioidhinishwa), posho yake ililipwa na mradi wa mfadhili kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja.

Naomba nikae kidogo kwenye kazi ya huyu karani kwa sababu kisa chote kiko hapo. Alikuwa na kauntabuku aliyoipiga mistari mwenyewe kwa rula. Kushoto namba ya mtumbwi, kisha saa ya kutoka, watu waliomo, aina ya nyavu, saa ya kurudi, kilo za perege, kilo za kambale, na mwisho kabisa safu pana aliyoiita MENGINEYO. Mizani ilikuwa ya kuning'iniza, imefungwa kwenye tawi la mti, na maji yakihama anaichukua anahama nayo, anatafuta mti mwingine au anasimamisha miti mitatu. Kwenye ile safu ya mwisho ndo kulikuwa na utajiri. Unakuta ameandika "perege wadogo, kiganja", siku inayofuata mtumbwi huo huo "wadogo tena", siku ya tatu "wadogo, wametoka upande wa visikini". Au "amebeba mama wawili na mtoto wanavuka, hawana maboya". Au "kachelewa, upepo". Jioni bwana samaki anapita, anasoma ukurasa, anampigia nahodha simu, na kesho yake boti inaenda moja kwa moja upande wa visikini badala ya kuzunguka bwawa zima kuchoma mafuta. Yaani doria ilikuwa inaongozwa na kauntabuku.

Na ushuru pia. Ushuru ulipigwa kwa kilo, karani anapima, anaingiza kwenye posi, ile mashine ya kukusanyia ushuru, risiti inatoka, mchuuzi anafunga tenga lake kwenye bodaboda anaondoka. Wachuuzi walimlalamikia mara kwa mara kwamba ni mkali, lakini walimwamini, kwa sababu mizani inaning'inia pale kila mtu anaiona.

Hela zilivyokatwa

Mambo mawili yaligongana mwaka mmoja. Mradi wa mfadhili uliisha, na tofauti na miaka ya nyuma haukuongezwa muda. Wakati huo huo ukomo wa bajeti ya idara ulishuka, maana halmashauri ilikuwa na madarasa na zahanati za kumalizia, kuna sehemu ya mapato ya ndani ambayo kwa utaratibu lazima iende kwenye miradi ya maendeleo, kuna asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kinachobaki kinagombewa na kila idara na uvuvi kwenye mkoa kama Dodoma unakaa mwisho wa foleni. OC ya kituo, yaani hela ya matumizi ya kawaida, ilibaki chini ya nusu ya mwaka uliopita.

Kwenye kikao njia zilikuwa tatu. Kumhamishia karani kwenye mapato ya ndani na kupunguza doria. Au kubakiza mafuta ya doria na kuachana na karani, ushuru akakusanye mtendaji wa kijiji. Au kufunga kituo na kukiunganisha na cha jirani. Ya tatu ilikataliwa haraka na nadhani ilistahili, kwa sababu kituo cha jirani ni mbali na nacho hakikuwa na watu.

Wakachukua ya pili. Na si kwamba walikuwa wajinga au hawajali, sababu zao zilikuwa na mantiki ukikaa upande wao wa meza. Boti ni mali ya halmashauri iliyosajiliwa, ikikaa bila kutembea mkaguzi akija lazima ahoji kwa nini mali ya umma imelala. Doria inaandikika kwenye taarifa ya robo mwaka: safari kadhaa, nyavu kadhaa zimekamatwa, zimechomwa, picha hizi hapa. Diwani anaiona, mkuu wa wilaya anaiona. Karani hana cheo kwenye ikama, hana kifungu chake, jina lake lilikuwa linaonekana kwenye taarifa za mradi peke yake, kwa hiyo mradi ulipokwisha hata hapakuwa na mstari wa kumkata, alitoweka tu kwenye karatasi. Hakuna aliyesema tumwondoe. Alikosekana.

Mwezi huo huo bwana samaki akapata uhamisho kwenda halmashauri nyingine yenye upungufu mkubwa zaidi, na nafasi yake akakaimishwa afisa mifugo wa kata. Makabidhiano yalikuwa ukurasa mmoja: funguo, boti, injini, matangi mawili, maboya, meza. Kauntabuku hazikutajwa, zikabaki kwenye boksi nyuma ya mlango.

Kilichofuata mwaloni

Julai na Agosti mambo yalionekana ya kawaida, maji bado yalikuwa karibu na jengo na wavuvi waliendelea kupakua pale pale kwa mazoea. Posi ilikuwa kwa mtendaji wa kijiji. Sasa ofisi ya mtendaji iko kijijini, siyo majini, na mtendaji ana migogoro ya mipaka, ana mikutano ya shule, ana mifugo iliyoingia shambani kwa watu, hawezi kukaa mwaloni toka alfajiri. Akaweka utaratibu kwamba mchuuzi apite ofisini alipe kwa tenga, bei moja kwa tenga. Na mizani ikarudishwa stoo.

Ndipo tenga zikaanza kurefuka. Mafundi wa kusuka walianza kupokea oda za matenga marefu, na juu ya samaki mtu anapandisha nyasi na fito kama kilemba mpaka samaki wa matenga mawili wanaingia kwenye moja. Mtendaji aliona lakini angefanyaje, yeye aliambiwa tenga, na tenga ni tenga.

Kufika mwisho wa Septemba maji yalisharudi nyuma, mwalo ukavunjika vipande vipande. Watu wakapakua popote mtumbwi unapofika, bodaboda zikawafuata huko huko, na njia ya kwenda barabara kuu haipiti tena ofisini kwa mtendaji. Makusanyo ya ushuru yakashuka kila mwezi. Taarifa ya robo mwaka ikaandika "upungufu wa samaki kutokana na kina cha maji", na waliosoma wakaamini kwa sababu inaeleweka. Ukweli ni kwamba maji yakishuka samaki wanabanana, wanakamatika kirahisi zaidi, ndo maana kipindi hicho ndicho cha makokoro, zile nyavu ndefu za kukokota, na nyavu za macho madogo. Samaki walikuwa wanatoka, tena wengi na wadogo, ila hakuna aliyekuwa anawaona wakitoka.

Doria je? Boti ilitoka, hilo lazima niliseme kwa haki. Nahodha alikuwa mtu wa kazi. Lakini alikuwa anatoka bila taarifa yoyote, anazunguka, mafuta ya mwezi yanaisha kwa safari mbili, na wenye makokoro wakishasikia injini imewashwa wanapigiana simu. Aliniambia, "Bosi, zamani naenda kumkamata mtu ninayemjua, saa hizi naenda kutembea." Kaimu wa afisa uvuvi naye hakuwa na namba ya mtu yeyote kule kwenye kambi za wavuvi, na wavuvi wenyewe walikuwa wanampelekea maswali ya mbuzi.

Siku ya upepo

Miezi hiyo ya kiangazi upepo wa mchana Mtera unapiga vibaya. Siku moja mtumbwi uliokuwa unavusha watu kutoka kambi moja kwenda ng'ambo ulijaa maji ukapinduka. Wavuvi waliokuwa karibu waliokoa watu haraka, wakawafikisha nchi kavu, na ndipo likaja swali: walikuwa wangapi? Mwenye mtumbwi, akiwa bado anatetemeka, akataja idadi moja, mama mmoja akataja nyingine. Kukawa na pengo la watu wawili.

Wakatafuta mpaka giza, wakaendelea alfajiri. Boti ya doria ilimaliza mafuta yote ya mwezi kwenye kazi hiyo. Familia mbili kule kijijini zilikaa usiku mzima zikilia. Asubuhi ya saa nne ndo ikajulikana hao wawili walishuka mapema kwenye kisiwa chenye kambi nyingine kabla mtumbwi haujaanza kuvuka, walikuwa wanakaanga samaki hawana habari. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Ila mtu aliyekuwepo ule usiku hawezi kukwambia kwamba hakukuwa na madhara.

Wengi pale walikumbuka MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018 kule Ukara, Ziwa Victoria, watu 228 walikufa kwenye kivuko cha kubeba abiria 101, na moja ya mambo yaliyotesa waokoaji ni kutojua walikuwemo wangapi. Mtera ni mtumbwi, siyo kivuko, lakini swali linaloulizwa ukingoni ni hilo hilo, na jibu lake ni mtu mmoja mwenye kalamu.

Jitihada za kurekebisha

Siku chache baadaye BMU waliitisha kikao chini ya mti. Mwenyekiti wao, mzee mwenye heshima, alisema waziwazi kwamba hawangoji serikali, wamrudishe binti wao. Wakakubaliana kila mtumbwi ukitua utoe perege mmoja, samaki wa daftari, binti auze hiyo iwe posho yake. Kwa kama wiki tatu utaratibu ulienda vizuri, kisha mwanasheria wa halmashauri akausimamisha kwa sababu ni tozo isiyo na sheria ndogo nyuma yake. Kisheria alikuwa sahihi. Alichofanya vizuri zaidi ni kwamba hakuishia kukataza, alikaa na mwenyekiti wakatafuta njia, na njia ikapatikana: halmashauri iingie mkataba na BMU kama wakala wa kukusanya ushuru, BMU ibaki na asilimia iliyokubaliwa, na ndani ya hiyo ilipe karani.

Mkataba ulisainiwa Februari. Posi ikarudi majini, mizani ikatoka stoo, tenga likapimwa kwa kilo. Mafuta ya doria yakapunguzwa tena, na kwa makubaliano ya maneno na halmashauri ya ng'ambo wakaanza kupeana zamu za boti.

Matokeo

Makusanyo yalipanda mwezi wa kwanza tu wa mizani kurudi na yakaendelea kupanda hadi Juni, ingawa hayakufikia ya mwaka uliotangulia. Doria zilipungua idadi lakini zilikamata zaidi kwa kila safari. Orodha ya watu wanaovuka ikarudi. Bwana samaki hajarudi, kaimu bado anakaimu. Na wale perege wa kiganja waliotolewa Septemba mpaka Januari hawarudishiki, wavuvi wenyewe wanasema msimu uliofuata walihisi pengo lao kwenye nyavu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kiko wazi: BMU hai, mwanasheria aliyetafuta njia, binti aliyekubali kurudi baada ya kuachwa bila hata barua. Hilo la mwisho halmashauri haikustahili, kwa maoni yangu. Zamu za boti na wenzao wa ng'ambo nazo zilisaidia, ila ni makubaliano ya maneno kati ya watu wawili na mmoja akihamishwa yameisha.

Kilichofeli naona ni mpangilio wa kukata. Walianza kwa mtu wakamalizia kwa mafuta, wakati kazi yenyewe inataka kinyume. Punguza mafuta nusu na ukabaki na karani, kila lita inayobaki inajua inakoenda. Mwondoe karani ukabaki na mafuta yote, umenunua mzunguko wa boti. Na kibaya zaidi ni kwamba kosa hilo linajificha, kwa sababu aliyeondolewa ndiye aliyekuwa anaandika, kwa hiyo tatizo linapoanza hakuna kumbukumbu ya kulionyesha. Makusanyo yakishuka na daftari halipo, sababu yoyote inayosikika vizuri inapita. Kina cha maji kilibeba lawama ya miezi minne bila mtu wa kukitetea.

Pili ni kukata na kuhamisha kwa mwezi mmoja. Bwana samaki angebaki hata robo moja angeona matenga yanarefuka, angejua kina nani wamehamia wapi, angemwambia kaimu usimwamini fulani. Kila uamuzi ulitoka meza tofauti, mmoja wa bajeti, mwingine wa utumishi, na hakuna aliyeziweka karatasi mbili pamoja. Makabidhiano yakahesabu maboya yakasahau kauntabuku, ambazo ndizo zilikuwa mali pekee pale isiyoweza kununuliwa tena.

Tatu, hata suluhisho lina ufa, na nisingependa mtu alichukue kama lilivyo. Posho ya karani sasa inategemea asilimia ya ushuru. Kuanzia Septemba mwalo unapotawanyika ushuru unashuka, na yeye anashuka nao, wakati hicho ndicho kipindi cha makokoro, cha upepo, cha watu kuvuka kwenda kambini, yaani kipindi ambacho daftari linahitajika kuliko miezi yote. Tunamlipa vizuri wakati wa shwari na tunamlipa vibaya wakati wa hatari. Halafu anaajiriwa na BMU, na kwenye BMU wamo watu ambao ndugu zao wana makokoro. Akiandika "wadogo tena" mbele ya mtumbwi wa shemeji wa kiongozi wake, nani anamlinda? Zamani alikuwa na bwana samaki nyuma yake. Sasa hana.

Kwa halmashauri inayokaribia hali kama hii ningeshauri karani aandikwe kwenye bajeti kama gharama ya kukusanya mapato, asiandikwe kama posho, kwa sababu posho ndo ya kwanza kufyekwa na gharama ya makusanyo mwekahazina ataitetea mwenyewe. Na nakala ya ukurasa wa kila siku, hata picha ya simu kwenye grupu la WhatsApp, iende kwa mtu aliye nje ya kijiji.

Mpaka naandika haya, ombi la kumlipa binti yule kiasi maalum kwa miezi ya Septemba hadi Desemba liko kwenye kamati ya fedha. Kiasi kinachoombwa kwa miezi yote minne hakifikii mafuta yaliyoteketea ule usiku wa kuwatafuta watu wawili waliokuwa wanakaanga samaki.